Siku sita Unguja: picha za watu wa mtaani, za kuomba na si za kuiba

Siku ya kwanza, Jumamosi. Bandarini hadi Mji Mkongwe.

Boti ya asubuhi kutoka Dar es Salaam inafika Malindi, bandari ya Unguja mjini, baada ya takribani saa mbili. Kosa la kwanza hufanyika palepale gatini: abiria anashuka kamera ikiwa shingoni, anaanza na foleni ya ukaguzi. Bandari, askari, vituo vya polisi na kambi havipigwi picha. Ukiitwa pembeni unapoteza nusu siku, na pengine kadi yenye kazi yako yote. Kamera ibaki begini, na leo ibaki humo mpaka usiku.

Begi lenyewe liwe dogo. Kamera moja, lenzi moja ya milimita 35 (kwa kamera yenye sensa ndogo, yaani kile kibati kinachopokea mwanga, milimita 23 au 24 inafanya kazi ileile), betri mbili, kadi mbili za GB 32 badala ya moja kubwa, daftari la mfukoni na kitambaa cha pamba. Lenzi ndefu ya milimita 200 iachwe nyumbani, maana hiyo ndiyo inayomfanya mtu ajione anawindwa. Kwa milimita 35, ukitaka kumpata mtu kuanzia kiunoni hadi utosini, kamera ikiwa imelala, lazima usimame kama mita moja na nusu kutoka kwake. Ukiisimamisha, unampata kuanzia magotini. Huo ni umbali wa mazungumzo. Hakuna anayepigwa picha kwa umbali huo asijue, na hiyo ndiyo sababu ya kuuchagua.

Kabla ya kulala, rekebisha vitu vitatu. Zima kile kitaa cha rangi ya chungwa kinachomulika uso wakati lenzi inatafuta ulengo. Kinawashtua wazee na watoto. Kwenye simu, zima mahali (GPS) na zima kupakia picha otomatiki. La tatu tunajua wengi watabisha: sauti ya shata, kile kifungio kinacholia picha ikipigwa, iache. Ushauri wa kawaida ni kuinyamazisha. Sisi tunaona mtu ana haki ya kusikia kwamba amepigwa.

Mchana wote wa leo ni wa kutembea mikono mitupu. Andika daftarini mwanga unaangukia wapi na saa ngapi, nani anakaa barza gani (kibaraza cha kukaa nje ya nyumba), duka gani linafungwa adhuhuri. Nunua maji kwenye duka lilelile mara mbili. Kijana akikufuata akisema atakupangia watu wa kupiga, mshukuru na uendelee na safari yako. Ni papasi, dalali wa watalii, na ruhusa anayoiuza si yake.

Ukipita Barabara ya Kenyatta kumbuka kwamba Ranchhod Oza alifungua hapo Capital Art Studio mwaka 1930. Enzi za studio, mtu alivaa nguo zake nzuri, akakaa kwenye kiti anavyotaka mwenyewe, akalipa, akaondoka na picha yake. Mtaani mambo yamepinduka: anayepigwa hakuvaa kwa ajili ya picha, hakuiomba, na mara nyingi haioni tena. Ratiba ya siku hizi sita imepangwa ili angalau hilo la mwisho lirekebishwe.

Siku ya pili, Jumapili. Vichochoro na barza.

Saa 1:45 asubuhi. Vichochoro vya Mji Mkongwe ni vyembamba, jua halifiki chini mpaka karibu na adhuhuri. Hilo ni neema. Jua la asubuhi linapiga juu ya ukuta wa upande mmoja, chokaa nyeupe inaurudisha mwanga chini ukiwa laini, na uso wa mtu aliyekaa barzani unapata mwanga usio na vivuli vikali chini ya macho. Kuanzia hapo hadi saa 3:30 ndiyo saa nzuri. Ya pili ni kuanzia saa 10 alasiri.

Anza na ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 800, tundu la lenzi f/4, shata 1/250 ya sekunde. Kamera itakudanganya kwa njia mbili. Mtu mweusi akiwa mbele ya ukuta mweupe, mashine inadhani kuna mwanga mwingi, inaupunguza, na uso unatoka kama kivuli: ongeza mwanga kwa kitufe cha +/-, 0.7 hadi 1. Mtu huyohuyo akiwa mbele ya mlango wenye giza, au amevaa buibui jeusi, mashine inaongeza mwanga na paji la uso linaungua: punguza 0.7. Pima kwa ngozi ya shavu, ukuta uache uwe utakavyokuwa. Ukitaka kujaribu, jaribu kwenye kiganja chako mwenyewe katika mwanga uleule, kabla hujamwomba mtu. Aliyekubali asisubiri wakati unabonyezabonyeza vitufe. Dakika ya kwanza ya ridhaa ndiyo yenye sura ya kweli, baada ya hapo anaanza kuweka pozi la paspoti.

Kuomba kuna mpangilio wake. Barza yenye watu inasalimiwa yote kwa salaam, kisha mzee anapewa shikamoo yake, kisha unasubiri. Salamu za Unguja hazikatishwi katikati. Ukiulizwa habari za nyumbani, jibu na wewe uulize. Ndipo useme unachotaka kwa sentensi mbili zenye mambo yote: wewe ni nani, picha ya nini, itaonekana wapi. Kwa mfano: "Mzee, mimi ni mpiga picha, natengeneza picha za watu na kazi zao. Naomba ruhusa nikupige ukimimina kahawa. Nitaisafisha nikuletee Alhamisi." Alhamisi usiitaje kama huna nia.

Ruhusa ya mmoja haiwafuniki sita. Kwenye barza ya dhumna au bao, aliyesema "piga tu, piga" mara nyingi ni yule mchangamfu, na aliye nyuma yake hakuulizwa. Muulize naye, au mtoe kwenye fremu kwa kusogea hatua mbili upande. Kona ya Jaws na barza nyingine za siasa zinahitaji uangalifu zaidi: bendera ikiingia nyuma ya mtu, picha imeshamtangaza kuwa wa chama fulani hata kama alikuja kunywa kahawa tu. Kipindi cha uchaguzi tungeziacha kabisa.

Kuhusu kukataliwa: hapa "sitaki" hulisikii sana. Unasikia "baadaye", "inshaallah", "labda kesho". Unaona kicheko na mtandio unaopandishwa hadi puani. Mara nyingi hiyo ni hapana iliyovishwa adabu. Mtalii aliyeshuka jana anaweza kusamehewa kwa kutoielewa. Sisi tunaozungumza lugha hii hatuna pa kujificha. Jibu ni "haya, ahsante, siku njema", kamera inashushwa hadi chini ya kiuno, na unakaa kidogo kabla ya kuondoka. Anayekimbia baada ya kunyimwa ameonyesha kwamba alifuata picha tu.

Sasa muuza kahawa. Dele, birika lake la kahawa, lipo mkono mmoja, vikombe vidogo vya kaure mkono mwingine, vinagonganishwa kuita wateja. Mkondo wa kahawa kwa shata 1/60 unaonekana kama uzi mmoja mweusi; kwa 1/500 unakatika matone. Mvuke hauonekani kabisa mbele ya ukuta mweupe. Ili uonekane unataka mambo mawili, giza nyuma ya kikombe na mwanga unaotoka nyuma au ubavuni, kwa hiyo usimwombe mzee ahame. Zunguka wewe hadi mlango wa giza uwe nyuma yake. Picha nne au tano zinatosha. Usimwambie amimine tena zaidi ya mara moja: kahawa inapoa, na aliyesubiri kikombe ni mteja wake. Kinywe hicho ulichomfanya amimine, ukilipie kama wenzako. Kisha mwonyeshe kioo cha kamera, umpe muda akitazame, na akisema "hii sijapenda", futa akiona.

Kufuta nako kunakosewa. Kamera yenye nafasi mbili za kadi inaweza kuwa imeweka nakala kote kuwili. Ukifuta moja nyingine imebaki. Ukipiga mfululizo, kuna ndugu zake sita upande wa kulia wa ile uliyofuta. Simu ndiyo mbaya zaidi: picha inahamia kwenye folda ya zilizofutwa na kukaa humo siku 30 au zaidi. Ingia kwenye folda hiyo mbele yake, ifute na huko.

Watoto wanaotoka chuoni (madrasa) na juzuu zao mkononi watakuzunguka wakipiga kelele "picha! picha!" Hiyo ni furaha, si ridhaa. Ridhaa iko kwa mzazi au mwalimu, na asipokuwepo hakuna picha ya uso. Pesa na pipi usiwape kabisa. Atakayepita wiki ijayo atakuta wanavuta begi lake. Mlango wa msikiti wakati wa sala una picha moja nzuri isiyomdhulumu mtu, nayo ni makubadhi yaliyovuliwa, yamepangana ngazini.

Siku ya tatu, Jumatatu. Jambiani, shamba la mwani.

Siku hii ndiyo inayoamua tarehe ya safari nzima. Ipange iangukie bamvua, yaani mwezi mpevu au mwezi mwandamo, au siku moja mbili baadaye. Wakati huo maji ya pwani ya mashariki yanatoka mbali na kufikia kina chake cha chini kabisa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi. Wakati wa maji mafu, yasiyotoka mbali, utafika ukute bahari imefunika mashamba na wanawake wapo nyumbani. Kila siku inayopita, maji yanachelewa kama dakika 50, kwa hiyo ratiba ya jana haifai leo. Daladala kutoka mjini ni zaidi ya saa moja, ondoka mapema.

Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza pwani hii mwaka 1989, na tangu hapo wakulima wengi wamekuwa wanawake. Kamba zimefungwa kwenye mambo (vigingi) za miti zilizopigwa mchangani, na kila kishada cha mwani kimening'inizwa kwa kikamba kidogo wanachokiita taitai. Mavuno huja baada ya wiki sita hivi. Anayekanyaga kamba akitafuta pembe nzuri amevunja vishada vya mtu. Pita kwenye nafasi kati ya shamba na shamba, umevaa yeboyebo, na uombe kuonyeshwa njia.

Muda wao ni maji. Yakianza kujaa, kazi imekwisha hata kama kamba tano hazijafungwa. Ndiyo maana kumsimamisha mkulima wa mwani dakika kumi ili aangalie lenzi ni kumkata ujira. Omba ruhusa ufukweni kabla hajaingia majini, kisha mpige akiwa kazini bila kumwongoza. Akitoka na gunia, shika upande mmoja. Kama unahitaji muda wake mrefu, kwa mfano akuonyeshe hatua zote za kufunga, patana malipo mapema na uyaandike. Hapo umemwajiri, na ni sawa.

Nguo zimelowa na kazi yenyewe ni ya kuinama. Usipige kutoka nyuma, wala kwa juu wakati ameinama. Piga umechuchumaa, ukiwa mbele au ubavuni, kamera usawa wa mikono yake. Mikono ikifunga taitai, maji yakiwa kifundoni, inatosha kueleza kilimo chote, na uso wa mtu haumo.

Mwanga wa saa hiyo ni mkali. Jua liko juu, mchanga ni mweupe, macho yanazama kwenye vivuli. Subiri ageukie upande ambao maji ya kina kifupi yanarudisha mwanga usoni, ongeza mwanga 1, na ukubali anga iungue. Lenzi usiibadilishe ufukweni. Jioni futa kamera kwa kitambaa chenye unyevu wa maji baridi ya bomba kisha kwa kikavu. Chumvi iliyokaukia kwenye pete ya lenzi utaisikia ikikwaruza kesho.

Siku ya nne, Jumanne. Darajani.

Soko la Darajani, lililojengwa mwaka 1904, ndilo somo gumu la wiki. Watu ni wengi, kila mmoja yupo kibiashara, na kila fremu ina mtu ambaye hakuulizwa.

Fika saa 1 asubuhi na uulize kwanza mnadani, upande wa samaki. Mnada unaenda kasi na dalali hawezi kuacha bei ili akujibu, kwa hiyo ruhusa iombwe kabla haujaanza, kwa dalali na kwa wavuvi wenye samaki. Upande wa nyama hukataa zaidi, na wana sababu: picha za mabucha mara nyingi zimetumika kuonyesha uchafu. Ukikataliwa pale usibembeleze.

Kwa muuza mboga, subiri wateja wapungue. Nunua kitu unachokihitaji kweli, ulipe bei, ndipo uombe. Ila usinunue fungu la mchicha kama hongo, wanajua. Mteja akiwa dirishani mwa fremu yako, naye ni wa kuulizwa. Akisema muuzaji "nipe elfu mbili", msikasirikiane. Ama unakubali kabla ya kupiga na unalipa bila kununa, ama unashukuru na kupita. Kinachozua ugomvi sokoni ni kupiga kwanza, bei ikaja baadaye.

Kitakachokuharibia picha nyingi hapa ni maturubai. Jua linapochujwa na turubai la bluu, kila kilicho chini yake kinapakwa bluu: ndizi zinakuwa za kijivu, na ngozi ya mtu inatoka zambarau kama aliyepigwa na baridi. Kompyuta hairekebishi vizuri, kwa sababu nusu ya uso inapata bluu na nusu nyingine inapata jua la kweli kutoka njiani. Ukiondoa bluu upande huu, upande ule unageuka chungwa. Dawa ni hatua moja. Mwombe asogee hadi ukingo wa turubai, uso uelekee njiani, kichwa kikiwa bado kivulini. Kama hawezi kuacha meza, geuza picha iwe nyeusi na nyeupe na usilaumu kamera.

Ndani, chini ya taa za LED na za mirija, kuna balaa lingine: mistari ya giza inayokata picha. Inatokana na taa kupepesa kwa umeme wetu wa hezi 50 wakati shata ya kielektroniki, ile isiyo na sauti, inasoma sensa mstari kwa mstari. Tumia shata ya kawaida na kasi ya 1/100 au 1/50. Sababu nyingine ya kutoinyamazisha.

Daftari linaanza kulipa hapa. Kila aliyekubali: namba ya picha, jina alilojitambulisha nalo au la utani, mahali, na alichoahidiwa. "0147, Bi wa tangawizi, meza ya tatu kutoka lango la samaki, nakala mbili." Ukitegemea kichwa, Alhamisi utakuwa na picha thelathini na nyuso usizojua za nani.

Siku ya tano, Jumatano. Kuchagua, kusafisha, Forodhani.

Asubuhi kaa mezani. Toa kwanza picha za watu waliokataa baadaye, kisha zile ambazo mtu amefumba macho, anatafuna, au nguo imekaa vibaya. Kipimo chetu ni kimoja: je, ungeipeleka picha hii mbele ya watoto wake? Kisha tazama maelezo uliyoandika chini yake. Picha ya heshima inaweza kuharibiwa na neno "maskini".

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ni ya mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023; Kenya wana yao ya mwaka 2019. Septemba 2023 Kamishna wa Data wa Kenya aliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi za Kenya 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za wanafunzi bila ruhusa ya wazazi. Hizo zilikuwa taasisi zinazojitangaza. Mpiga picha anayeuza kazi yake kwa hoteli au kampuni ya utalii ajue anasogea upande huo, na "piga tu" ya barzani haitoshi kwa bango. Hapo kunahitajika karatasi ya Kiswahili iliyosainiwa, inayosema matumizi na malipo.

Studioni, saizi ya postikadi (inchi 4 kwa 6) ndiyo inayokaa vizuri mkononi na kwenye fremu za ukutani. Faili liwe angalau nukta 1200 kwa 1800. Picha ya kamera inaingia sawasawa. Ya simu, yenye uwiano wa 4 kwa 3, inakatwa asilimia 11: ikiwa imelala inapoteza juu na chini, ndipo vichwa vya waliosimama nyuma vinapoondoka. Kata mwenyewe kabla ya kupeleka. Na mwambie fundi mapema azime marekebisho ya otomatiki na asisafishe sura. Asipoambiwa, Bi wa tangawizi atarudi akiwa mweupe kuliko tangawizi yake. Safisha moja kwanza, itazame nje kwenye mwanga wa mchana. Mara nyingi inatoka na giza kuliko kioo cha kompyuta, ongeza mwanga kidogo ndipo usafishe zote.

Jioni Forodhani, kwenye bustani iliyokarabatiwa na kufunguliwa upya 2009. Vijana wanaruka baharini kutoka ukutani na kila mtu anawapiga. Wengi ni watoto na wamevaa chupi za kuogelea. Pima anga, f/8, shata 1/1000, wabaki vivuli vyeusi mbele ya jua; mruko unaonekana wote, mtoto hatambuliki. Adhana ya magharibi ikianza, shusha kamera. Jua likizama una dakika ishirini tu za mwanga wa bluu kabla ya giza kamili, kisha taa za wauza mishikaki na urojo, 1/50 na ISO 3200.

Siku ya sita, Alhamisi. Kurudisha.

Anza saa 2 asubuhi, kwa njia ileile ya siku ya pili, kisha Darajani kabla ya adhuhuri. Kamera iwe begini tena. Ukija na picha mkononi na kamera shingoni, watu wanaona unakuja kuchukua nyingine. Watakuja wengine wakisema "na mimi je?" Hapo ndipo kamera inatoka, wakiitaka wao, na hao watumie kwa WhatsApp kama hati, si kama picha, maana picha inabanwa na haisafishiki vizuri baadaye. Wa Jambiani wapelekewe bahasha na kondakta wa daladala ile ile, lakini kwa jina la duka la kijijini ulikonunua maji, na upige simu kuhakikisha imefika.

Usipomkuta mtu, picha mwachie jirani wa duka. Nyuma yake andika jina na mahali. Kalamu ya kawaida haishiki kwenye karatasi ile ya kung'aa, na ukiikandamiza mstari unatokea mbele usoni. Tumia ya wino wa kudumu yenye ncha nyembamba, uache dakika mbili ikauke kabla ya kuweka nyingine juu yake, la sivyo jina la mzee wa kahawa litaonekana kwenye shavu la Bi wa tangawizi.